Blanketi Juu ya Injini

Kwenye safu yetu ya gereji hapa Eldoret, mzee wa banda la mwisho alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza: magari ya dizeli yanayoishiwa nguvu yakipanda mlima wa Timboroa. Yakirudi kwetu huwa mazima, hata mashine ya kupima haioni kitu. Yeye aliyaendesha mpaka yakapata moto, akafunika injini kwa blanketi, akatugeuzia mgongo. Ukimkaribia anakutuma chai. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na alijua siku tutakapoijua siri yake wateja watatawanyika.

Tulipoanzisha kikundi cha mafundi kwenye simu, alijiunga akakaa kimya. Sisi wengine tulitumiana sauti za injini na picha za vyuma vilivyolika, na swali la asubuhi lilijibiwa kabla chai haijapoa. Mimi ni mgumu kusifu kitu, lakini hicho nilikisifu.

Kisha mzee akavunjika mguu nyumbani kwake Kesses. Mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akaniletea pikapu yake ya maziwa. Ilikuwa imemwacha mlimani tena, maziwa yakaharibika, na mnunuzi wake wa Nakuru alikuwa ameanza kununa. Nikampigia mzee simu ya video.

"Wacha kunionyesha sura yako," alisema. "Nionyeshe engine."

Akaitazama. Nilijua anapima nini. Mimi nami, kusema kweli, nilikuwa nimeshaanza kuwaona wateja wake wakipanga foleni kwangu.

"Kata simu," akasema. "Ngoja hapo."

Nilikasirika sana. Kumbe alikuwa anarekodi. Sauti yake iliingia kwenye kikundi, kila fundi akaisikia: endesha mpaka ipate moto, zima, funika na blanketi joto lisitoke, pitisha hewa polepole kwa paipu ya turbo, ile inayosukumia injini hewa, paka povu la sabuni. Ufa unaojifunga paipu ikipoa utatoa mapovu. Miaka yote hiyo tulidhani blanketi ni la kutufichia siri tu.

Mapovu yalitoka. Nikabadilisha paipu, na mama akapanda mlima na maziwa yake. Nilimheshimu mzee siku ile kuliko fundi yeyote niliyemjua, na nilimwonea huruma pia.

Aliporudi na magongo, banda lake lilikuwa limepoa. Magari ya mlima yalikuwa kwetu. Akaja kuketi kwangu, nikamwonyesha video ya fundi mmoja wa Kimumu, mwanamke, aliyekuwa ameongezea kamera ndogo ya waya nyuma ya paipu, mahali ambapo jicho halifiki. Kulikuwa na ufa wa pili huko.

Mzee aliitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Huko nyuma ya paipu mimi nilikuwa nabahatisha tu," alisema. Kisha akaniuliza, kwa upole nisiouzoea kwake, "Ukipata gari moja ya mlima, unaweza niachia nijaribu hivyo?"