Kaunta Mahali pa Mimbari

Niliondoka Kitui kwa sababu Mama Syombua wa Mukuyuni, rafiki wa mama yangu, alikuwa amesikia kwamba mimi ni fundi seremala. Aliyemwambia ni mama. Ukweli ni kwamba nilijifundisha kazi kwa kufungua meza yetu na kuifunga tena, na tangu siku hiyo lazima mtu mmoja aishikilie wengine wakila.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waumini wa Mukuyuni walikuwa wamehamia kanisa jipya la mawe. Lile la zamani, la matofali, akina mama waliliomba liwe duka la vyondo, vile vikapu vya kusuka, na maharagwe. Wazee wa kanisa walikubali kwa sharti: siku ya soko ya kwanza ikipita bila mauzo, jengo libomolewe, matofali yajenge nyumba ya mchungaji.

Njia nzima hadi Machakos nilipakata pimamaji, kifaa changu cha kupimia usawa, kama mtoto mgonjwa. Basi likiinama kwenye kona, natazama kiputo ndani ya kioo chake. Jirani yangu aliniuliza hiyo ni dawa ya nini. Nilimwambia ni ya kunyoosha vitu. Akaniangalia kwa huruma.

Mukuyuni nilifika alasiri, nikaingia moja kwa moja kanisani. Mabenchi yalikuwa yameshaondolewa. Niliamua papo hapo: kaunta itakaa mahali pa mimbari, kwa kuwa ukiingia tu macho yanaenda pale. Nilijiona nina akili sana. Wiki ile nilishusha rafu na kuzipandisha tena kwa ajili ya kosa lisilozidi unene wa njiti ya kiberiti. Kila asubuhi Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa aliyeyataka matofali kuliko wote, alipita akigonga ukuta kwa bakora.

"Fundi, punguza misumari. Unaniharibia mali."

Siku ya soko, mfanyabiashara kutoka Sultan Hamud alikuja akigombana na muuza nyanya hadi mlangoni. Alipoingia akavua kofia. Akatembea polepole hadi mbele, akauliza bei ya chondo kwa kunong'ona. Mama Syombua akamjibu kwa kunong'ona. Akaitikia kwa kichwa, akatoka mikono mitupu. Waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyebisha bei, na huku kwetu asiyebisha bei hanunui.

Kufikia saa sita hatukuwa tumeuza hata kikombe cha maharagwe. Mzee Kilonzo alikuwa nje akilitazama jengo kama anayemtazama mbuzi wa Krismasi. Mimi nilifanya jambo la pekee nililoliweza: nilitoa pimamaji nikaanza kupima rafu upya.

"Wewe, rafu haina makosa," Mama Syombua alisema. "Hapa uliponisimamisha ndipo jeneza la mume wangu lilipokaa. Nibishane bei ya maharagwe hapa?"

"Mwaitu, mama yangu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapima. Ukipima husikii mtu."

Akabeba vyondo viwili akaenda kusimama mlangoni. Mara nikasikia yule wa Sultan Hamud akipiga kelele: "Mama, unataka kuniua?" Naye akamjibu, "Kufa ukishalipa!"

Basi nikang'oa kaunta yangu na kuiburuta hadi mlangoni, nikaiegemeza kwa matofali bila kupima chochote. Iliinama vibaya. Maharagwe yakimwagika yalikuwa yakibingirika hadi kwa Mama Syombua. Jioni Mzee Kilonzo mwenyewe alinunua chondo, baada ya kubishana hadi sauti ikamkauka. Habari ya matofali hakuitaja tena.

Kesho yake, kabla ya kurudi Kitui, niliomba dakika chache tu niinyooshe ile kaunta.

"Ukiigusa nitakupiga," Mama Syombua alisema. "Hivyo ndivyo inavyoniletea maharagwe yangu."

Nilichungulia ndani mara ya mwisho. Pale mbele palikuwa pamefagiwa, pamebaki wazi. Katika kazi yangu yote ya Mukuyuni, ni hapo tu ambapo sikutamani kurekebisha kitu. Niliiweka pimamaji chini ya kiti cha basi, nikalala hadi Machakos.