Mama Povu na Doa la Wino

Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Mama Povu, na jina likamkaa kuliko lile la ubatizo. Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na miwili alifua nguo za watu: mashuka ya nyumba za wageni, makoti meupe ya madaktari, magauni ya harusi yaliyomwagiwa mchuzi na wajomba wasiojua kukaa na sahani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelika kwa sabuni hadi uzi wa sindano ulimteleza, lakini doa la kumshinda lilikuwa bado halijazaliwa. Damu aliitoa kwa maji baridi na chumvi. Kutu aliitoa kwa limau na jua. Na wino, ambao madobi wenzake waliukataa mlangoni kabla nguo haijapokelewa, yeye aliupokea kwa kicheko. “Wino nileteeni mimi,” alikuwa akisema. Huko kulikuwa kujisifu, tuseme ukweli, ingawa mtu aliyeinamia beseni muda wote huo ana haki ya kujisifu kidogo. Ila sifa zilimponza.

Kila Jumamosi asubuhi alibeba beseni lake kwenda uwanja wa nyuma ya kanisa. Walikuwa watu sita wa kujitolea kuwahudumia watoto hao wa mtaani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu, maana bado aliongea na watu wazima kama walioshindwa hesabu. Alikuwepo kinyozi, nesi wa zahanati, na kina mama wawili wa chai na mkate. Watoto wakija walioga, wakanyolewa, wakafungwa vidonda, wakala, na wakati huo wote Mama Povu alifua matambara yao huku wenyewe wakikaa wamejifunga mashuka, wanataniana. Kuhubiri hakujua. Alisema Mungu amewapa wengine ulimi, yeye amempa beseni, na siku ya hukumu ataulizwa habari za beseni.

Kazi kubwa ya kundi, lakini, ilikuwa kuwarudisha watoto kwa ndugu zao. Mwenyekiti alikuwa na daftari, kila mtoto na ukurasa wake: kwao wapi, nani amebaki, nani wa kupigiwa simu. Kumi na mmoja walikuwa wameshapelekwa kwao. Ukurasa mmoja ulikuwa mtupu, na ndio uliomnyima Mama Povu usingizi. Ulikuwa wa binti wa miaka saba hivi, waliyemwita Koti kwa sababu hakuvua koti la mwanamume lililomfika miguuni, liwe jua, iwe mvua.

“Kwenu wapi?” Mwenyekiti alimuuliza.

“Kwa bibi.”

“Bibi anaitwa nani?”

“Bibi.”

Mwenyekiti akafunga daftari kwa hasira, kana kwamba mtoto amemjibu jeuri.

Mama Povu hakumuuliza kitu. Alimpa vibanio avishike, akamwacha akae karibu na kamba. Jumamosi ya kwanza mtoto alikaa mbali kiasi cha kuweza kukimbia. Ya tano alikuwa akimpa vibanio kimoja kimoja kabla hajaombwa. Ya saba aliuliza, huku akitazama chini, “Mama Povu, wewe una simu?”

“Ninayo, mwanangu. Ya nini?”

“Basi tu.”

Dobi akacheka, akaendelea kukamua. Jambo moja tu lilimkera: lile koti. Lilikuwa limeganda kwa uchafu, linanuka moshi na mitaro, na kila alipoligusa mtoto alirudi nyuma. “Nitakurudishia leo leo, likiwa jipya,” alimbembeleza. Mtoto alitikisa kichwa. Kinyozi akamtania dobi kwamba safari hii amepata kiboko yake, na yeye akacheka na wengine, lakini utani ule ulimwingia.

Jumamosi ya nane Koti alikuja akitetemeka kwa homa. Nesi akampa dawa, akamvua koti ili ampoze mwili kwa kitambaa cha maji, akamlaza kwenye benchi ndani ya ukumbi. Mtoto akalala fofofo. Koti likabaki kwenye kiti.

Mama Povu alilitazama, akatazama benchi, akalichukua kwa haraka ya mtu anayejua hajaruhusiwa. Hakuwa mwizi, alipekua mifuko kama anavyopekua mifuko ya kila mteja, akatoa kitana kilichovunjika, vifuniko vitatu vya chupa na kipande cha kioo, akaviweka kwenye bakuli ili arudishe kila kimoja. Kisha akaligeuza ndani nje. Kwenye bitana, upande wa moyo, palikuwa na wino wa bluu, mstari mmoja uliofifia kwa jasho.

Aliuona. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye walimtetea kwamba hakuuona. Aliuona, na kusoma alijua, alimaliza shule ya msingi. Lakini jicho la dobi likiona wino kwenye nguo halisomi, linatafuta limau. Akakamua malimau mawili, akapaka chumvi, akasugua kwa vidole vyake vilivyolika, akaanika juani, akasugua tena. Ilimchukua karibu nusu saa, kisha akalifua koti zima, na kundi likaja kulishangaa koti kwenye kamba. Kumbe lilikuwa la kijani! Kinyozi akakubali kwamba ameshindwa. Mama Povu akafuta jasho, na moyoni akamshukuru Mungu.

Saa saba mtoto aliamka. Alitembea hadi kwenye kamba, akalivuta koti, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye bitana nyeupe, kushoto kwenda kulia.

“Ya bibi iko wapi?”

“Ipi hiyo, mwanangu?”

“Namba ya bibi. Kaka aliiandika hapa.”

Mama Povu akakaa chini, pale pale kwenye tope la maji ya sabuni. Maneno yakamtoka mtoto kidogo kidogo. Walikuja mjini wawili, yeye na kaka yake. Kaka akaumwa, akabebwa na gari la hospitali, hakurudi. Kabla ya hapo alimvisha koti lake, akaandika namba ndani, kwa kuwa mdogo wake asingeweza kuikariri.

“Alisema nisimwonyeshe kila mtu, watu watanidanganya. Nitafute mtu mmoja mzuri, huyo ndiye nimwonyeshe ampigie bibi.” Akamtazama dobi usoni. “Nilitaka kukuonyesha wewe.”

Waliliinua koti juani, wakalimulika kwa tochi, nesi akaleta kioo cha kukuzia. Hakukuwa na hata mkunjo wa namba moja. Mama Povu hakuwahi kufua vizuri hivyo maishani mwake, na alijichukia kwa ufundi wake. Wakamuuliza mtoto kuhusu kwao. Kuna kilima, akasema, na kisima, na mbwa wa jirani. Nchi nzima ina vilima na visima.

“Dada yangu, usijitese,” Mwenyekiti akamwambia. “Namba zote Mungu anazo.”

“Basi mwambie apige,” akajibu Mama Povu, akarudi kwenye beseni lake.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na ibada ya shukrani, na Mwenyekiti akaliweka jina la dobi kwenye orodha ya watoa ushuhuda. Alikataa. Akaambiwa asimnyime Mungu sifa zake, na kwamba waumini wanahitaji kusikia matunda ya kazi. Watoto walishaogeshwa na kupangwa benchi la mbele, Koti katikati yao, koti limepigwa pasi.

Akasimama mbele.

“Mimi ni dobi,” alisema.

“Amina,” kanisa likaitikia.

“Mtoto huyu alikuwa na njia moja tu ya kurudi kwao.”

“Amina!”

“Nimeifuta kwa mikono yangu. Hakuniomba. Nilitaka tu nisishindwe na doa.”

“Amina!” Wengine walipiga makofi, na Mwenyekiti, kwenye kiti chake, alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa upole, akitazama saa.

Mama Povu akawatazama safu kwa safu. “Mmenisikia nilichosema?”

“Amina.”

Na kutoka benchi la mbele, ikichelewa kidogo nyuma ya wengine, ikaja sauti nyembamba ya mtoto aliyeona wakubwa wote wanaitikia, naye akaitikia, huku akimtabasamia.