Bustani ya Kutazamwa

Siku mume wa fundi cherehani alipostaafu kazi ya utunzaji stoo kiwandani, alirudi nyumbani na jembe jipya, kofia pana, na maarifa yasiyo na mwanzo wala mwisho. Haikupita wiki mbili majirani wakambandika jina: Bwana Shamba. Walikuwa wakimcheka. Yeye alidhani wanamheshimu, na mkewe hakujisumbua kumzindua.

Haki yake apewe: mboga zilikubali. Mchicha, spinachi na matembele vilijaa nyuma ya jiko kwa mistari iliyonyooka kama rafu, kila mstari na kibao chake. Tabu ni kwamba alizitunza kama alivyotunza stoo: kitu kikishaingia, kukitoa ni mbinde.

"Bado hazijakomaa," alisema wiki ya kwanza ya kuchuma. Wiki ya pili akasema zinapumzika. Hapo hapo akapiga marufuku mboga za sokoni. "Watu watanionaje? Bustani ninayo, halafu mke wangu anapita barabarani na mafungu ya mchicha wa kununua!"

Basi nyumba yenye mboga nyingi kuliko zote mtaani ikala viazi na chai wiki tatu mfululizo. Fundi cherehani peke yake angevumilia. Miaka thelathini ya ndoa ilikuwa imemzoesha kumeza mengi. Lakini binti yao, mja mzito wa miezi saba, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, na muuguzi wa kliniki alisema waziwazi: damu imepungua, ameze vidonge na ale mboga za majani kila siku. Akisimama tu, binti alishika ukuta.

"Baba watoto, mwanao anahitaji mboga."

"Jumamosi. Wenzangu wa kiwandani wakishaziona, mtakula mpaka mchoke."

Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamnyima mwanawe jani ili makarani walitazame!

Jumamosi wageni wanne walifika. Bwana Shamba akawazungusha, akieleza habari za samadi kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Mchicha, kwa kukosa kuchumwa, ulikuwa umeshatoa maua. Akawaambia hiyo ni mbegu ya kigeni.

"Kwa hiyo hapa mnakula mboga kila siku?" mmoja akauliza.

"Mchana na jioni! Muulizeni shemeji yenu."

Fundi cherehani alikuwa mlangoni. Akamtazama binti yake aliyeegemea kizingiti, midomo imempauka.

"Shemeji zangu," akasema, "tangu mbegu ziguse udongo, nyumba hii haijaonja hata jani moja."

Akaingia ndani, akatoka na beseni na ule mkasi wake wa kukatia vitambaa, ambao siku zote hakuruhusu uguse hata karatasi. Akainama kwenye mstari wa kwanza.

"Mama watoto! Unaniaibisha mbele za watu!"

"Sogea, unakanyaga matembele."

Akasogea. Wageni watatu wakaangalia viatu vyao. Wa nne akacheka mpaka akakohoa.

Fundi cherehani alikata mistari mitatu, akichagua ncha laini tu, maana majani mengine yalishakuwa magumu kama kamba. Binti alikula sahani mbili bila kuinua uso.

Bwana Shamba alisusa, dakika kama kumi hivi. Kisha akavuta kiti, akala kuliko mja mzito, akasema chumvi imezidi.