Kubadili Treni Town Hall Bila Msindikizaji

Stesheni ya Town Hall naijua. Nalisema hili mapema, kwa sababu nikiendelea kuandika nitaanza kujitilia shaka, ndivyo nilivyo, na shule yangu iliishia palepale ilipoishia. Lakini stesheni naijua. Miaka ile ya korona kazi yangu ilikuwa kupangusa: vishikio vya ngazi, vitufe vya lifti, mashine za kugusia kadi, mabenchi. Unapitisha dawa, unapitisha kitambaa, ukifika mwisho unarudi mwanzo. Mahali ukipapangusa kila siku huhitaji tena kupakumbuka, mkono wenyewe unakwenda.

Kwa hiyo mgeni anayeshuka pale mara ya kwanza ningemwambia hivi. Usikimbilie ngazi. Platifomu ni nyembamba, dari iko chini, nguzo ni nyingi, na watu wakishuka wote kwa pamoja utasukumwa hata na mtu mwenye adabu zake. Simama nyuma ya nguzo, waache wapite, hawachelewi kuisha. Ukisikia upepo wa moto usoni, treni inakuja, ingawa bado huisikii. Upepo hutangulia kutoka kwenye handaki. Ujue pia kwamba platifomu ziko ghorofa mbili, moja juu ya nyingine, na zote mbili ziko chini ya ardhi. Wengi hudhani wakishapanda ngazi mara moja wamefika barabarani. Hawajafika. Na kama unabadili treni tu, usitoke getini. Panda mpaka kwenye ukumbi wenye mageti, yape mgongo, tafuta skrini, halafu shuka ngazi za platifomu yako.

Nikiyasoma haya naona yako sawa. Lakini si hivi nilivyomweleza jirani yangu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kirundi, amenizidi umri kiasi cha mimi kumwita dada na yeye kuniita mdogo wangu. Tulikaa jengo moja mtaani Bankstown, yeye chini, mimi juu yake. Yeye alikuja hapa ugenini akitokea kambi ya wakimbizi Kigoma, nami ni Mkongo niliyepita kambi nyingine hukohuko, basi Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, chake na changu, kila mmoja akimcheka mwenzake. Baada ya kutafuta muda mrefu alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo ya daraja kubwa la bandarini, upande wa kaskazini. Alikuwa kwenye majaribio. Nyumbani alikuwa na mama yake mzee na mabinti wawili, na kazi ile ndiyo aliyokuwa anaitegemea.

Kufika huko lazima abadili treni Town Hall. Na mimi nafanya kazi Town Hall. Kwa hiyo nilimsindikiza.

Kwetu mtu hamwachi mgeni mlangoni. Unatoka naye, mnatembea, mnazungumza, mnafika kwenye njia panda mnasimama, mnazungumza tena. Ukimwelekeza kwa kidole tu kama mbuzi aliyepotea, watu watakushangaa. Nami nilimsindikiza kila asubuhi aliyokuwa na zamu, kutoka mlangoni kwake mpaka platifomu ya treni ya daraja, nikamwona ameingia, ndipo nikachukua ndoo yangu. Njiani tulizungumza yote: mabinti zake, padri, bei ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyogandishwa pale madukani, nani kaolewa na nani hakupaswa. Barakoa hazikutuzuia. Zilitufanya tutazamane machoni zaidi, kwa sababu midomo haikuonekana.

Halafu mtu mmoja kazini kwangu akapatikana na korona, na sisi tuliokula naye chumba kimoja tukaambiwa tukae ndani wiki mbili. Jiji lenyewe lilikuwa limefungwa, askari wanatembea Bankstown, lakini wafanyakazi wa nyumba za wazee waliruhusiwa kwenda kazini na kibali chao. Dada alitakiwa kwenda. Mimi sikutakiwa kuvuka hata mlango.

Nilimwambia kutoka kwenye baraza yangu, yeye akiwa uani na mkoba begani: "Dada, njia unaijua sasa. Town Hall unabadili. Ukiona maji, hesabu stesheni mbili, ya pili ndiyo yako."

"Naijua," akasema. "Nimepita pale mpaka viatu vyangu vinaijua."

Asubuhi ile simu ililia nikiwa nakoroga uji.

"Mdogo wangu, ile nyumba ya wazee iko wapi?"

"Uko wapi wewe?"

"Niko bustanini."

"Bustani gani?"

"Bustani! Miti, nyasi, ndege mweupe mwenye mdomo mrefu anakula takataka. Nimehesabu stesheni mbili baada ya maji kama ulivyosema, nimepanda ngazi, nimetokea kwenye bustani."

Nilielewa, nikakaa chini. Pale Town Hall alikuwa ameshuka ngazi za karibu na kupanda treni ya kwanza iliyokuja, ile inayozunguka katikati ya jiji. Treni ile nayo hupita kwenye maji. Inasimama juu kidogo ya bandari, dirishani unaona maji, na daraja lenyewe unaliona. Basi mtu aliyeambiwa maji ameona maji. Akahesabu mbili, na ya pili ni stesheni iliyo chini ya bustani. Hakukosea hata hatua moja ya niliyomwambia.

Alifika kazini zamu ikiwa imekwisha anza kitambo. Meneja wake hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba wazee wanaamshwa kwa saa, kwamba mfanyakazi wa usiku hawezi kuondoka mpaka wa asubuhi afike, na kwamba akichelewa tena katika majaribio haya nafasi atapewa mwingine. Dada alikasirika. Mimi nilifikiri kwamba yule wa usiku naye ana treni ya kupanda, na labda watoto, na alikuwa amesimama usiku mzima. Sikulisema siku ile, lakini nalisema hapa kwa kuwa ni haki.

Jioni tulikutana kama ilivyowezekana, mimi kwenye baraza, yeye ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, ametazama juu.

"Nieleze upya," akasema. "Polepole."

"Unashuka. Unapita kwenye duka la mkate..."

"Mkate limefungwa."

"Pale kwa muuza maua."

"Maua limefungwa. Mdogo wangu, kila kitu imefungwa, jiji liko kama kanisa siku ya Jumatatu. Mimi leo nilisimama pale chini sikujua kulia wala kushoto. Nikajiuliza, huwa tunapita wapi? Nikaona mimi sijawahi kupaona. Huwa nakuona wewe."

Alikuwa amesema kweli tupu. Zile asubuhi zote alichokijua kilikuwa uso wangu na habari za padri.

"Na wewe?" akauliza. "Kule ng'ambo ya maji umewahi kufika?"

"Sijafika."

"Sasa yale maji uliyajuaje?"

"Niliambiwa."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Ananielekeza kwa maji ya kuambiwa. Mama yangu, njoo usikie huyu."

Binti yangu, aliyekuwa mlangoni na simu yake, alidakia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ramani iko kwenye simu na sisi tunapoteza muda. Nilimwambia ateremke amwonyeshe, kisha nikakumbuka kwamba naye hakuruhusiwa kutoka. Akaituma ramani. Ilikuwa nzuri, sina ubaya nayo. Lakini dada alisema chini ya ardhi ile nukta ya bluu inayoonyesha ulipo huruka ovyo kama panzi, na nilimwamini, maana hata yangu huruka.

"Uliuliza mtu?" nikasema.

"Nilimuuliza yule kijana wa getini. Nikamsalimu. Nikamuuliza kaamkaje, nyumbani hawajambo, na ugonjwa huu wanaendeleaje. Akajibu kitu kupitia barakoa, lakini mimi bado nilikuwa kwenye salamu. Nikaona haya kumuuliza mara ya pili."

Yule kijana namjua. Ni mwema, na bila shaka alimjibu sahihi. Tatizo ni kwamba hapa jibu huja kabla ya salamu kwisha.

Ndipo tukaanza upya. Safari hii sikueleza. Nilifumba macho nikaweka mikono mbele yangu, kama napangusa, nikasema mkono ulipo. Yeye aliuliza, mimi nikajibu, na kila jibu lililokuwa na duka ndani yake alilikataa.

"Nashuka. Nashika nini?"

"Hushiki kitu, simama nyuma ya nguzo. Watu wakiisha, tafuta ngazi, kishikio chake kiko mkono wako wa kulia. Panda."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka uone mageti. Usiyakaribie. Yape mgongo."

"Nimeyapa mgongo. Nasalimu nani?"

"Usimsalimu mtu yeyote. Tazama juu kwanza, kwenye skrini."

"Mdogo wangu, hiyo ni tabia mbaya."

"Ni mbaya. Tazama juu."

Kusoma kwake ni kwa taratibu, herufi kwa herufi, na kwangu si kwingi kuzidi. Lakini jina la stesheni yake alilijua kwa sura, kama unavyoijua sura ya shangazi hata akivaa barakoa. Tukakubaliana alitafute jina hilo kwenye orodha ya skrini, na namba ya platifomu aisome palepale, siku ileile, asiitegemee ya jana, kwa sababu wakati mwingine hubadilishwa. Nilitaka kumpa namba kichwani ili awe na uhakika. Alikataa, na alikuwa sahihi kuliko mimi.

Kuhusu maji tulibishana. Mwishowe yeye ndiye aliyetoa kanuni: treni ikisimama na maji yako dirishani, umepotea, shuka hapohapo usihesabu kitu, panda inayorudi. Treni ikiwa inakimbia na vyuma vya daraja vinapita dirishani, tulia.

"Sasa kesho," nikasema, "ukifika pale nipigie. Nitakuwa nawe sikioni hatua kwa hatua."

Akatikisa kichwa.

"Nikikuweka sikioni nitakuwa nakutazama wewe tena. Simu itakaa kwenye mkoba."

Sikupenda. Nilijua kilichokuwa juu ya mabega yake, na kumwachia mtu njia hivi hivi ilinichoma kama utovu wa adabu. Nikajiambia kwamba huenda nataka tu kuhitajika. Mtu aliyefungiwa ndani hujitafutia umuhimu. Sina hakika hadi leo ilikuwa lipi, na pengine yalikuwa yote mawili.

Asubuhi nilisikia mlango wake ukifungwa kungali giza. Alikuwa ameondoka mapema kuliko tulivyopanga. Nilisimama dirishani nikamwona akipita kwenye taa za barabarani, kibali ndani ya plastiki kikining'inia shingoni, hakugeuka. Nilipika uji sikuunywa. Nilipangusa meza, nikapangusa vitasa vya milango yote, binti yangu akaniambia, tena kwa Kiingereza, kwamba sipo kazini. Simu niliiweka juu ya friji nisiishike. Kichwani nilikuwa nashuka naye, napanda naye. Nilimpeleka platifomu tatu tofauti na zote nikazitilia shaka. Mimi, ninayeijua stesheni.

Kulipopambazuka vizuri nilianza kuhesabu kwamba angekuwa amekwisha piga. Hakupiga. Jua likapanda. Nikamtetea kwa nafsi yangu: simu iko kwenye mkoba, mkoba uko kabatini, kazini hawaruhusu. Halafu nikaona bustani na yule ndege mweupe.

Alipiga wakati wa mapumziko ya chai. Nyuma yake nilisikia vijiko na mzee mmoja akiita kwa Kiingereza.

"Niko kazini," akasema. "Nimefika kabla ya zamu. Yule wa usiku alishangaa, akaondoka anakimbia, nadhani aliwahi treni yake."

"Mbona hukupiga?"

"Nilikuwa namwogesha mtu. Ungetaka nimwache na sabuni machoni?"

Nikamuuliza yote. Alisema pale kwenye skrini treni ya kwanza iliyokuwa sahihi aliiacha ikapita, kwa sababu hakuwa ameamini macho yake, na kwa kuwa alitoka mapema aliweza kuiacha. Ya pili akaipanda. Vyuma vikaanza kupita dirishani.

"Unajua kuna lisura kule?" akasema. "Lisura likubwa la kuchongwa, lina meno, mdomo wazi, kwenye uwanja wa michezo ya watoto chini ya daraja. Na uwanja mtupu. Nimeogopa kidogo. Ukija upande huu keti kushoto utaliona, usiseme sikukuambia."

"Sawa, dada."

"Na meneja amesema wiki ijayo niko kwenye ratiba. Siku nne. Ngoja, ananiita huyu mzee, anataka sukari na daktari amekataza."

Akakata kabla sijamjibu.