Shangazi wa Kukodi wa Diepsloot

Emiliana alianza kumdharau Lambert siku alipomwona akimsalimia mlinzi wa ukumbi kwa kidole kimoja, kisha akakifuta kidole hicho kwenye suruali. Lambert alikuwa Mbelgiji mwenye kikundi cha baleti hapo Johannesburg, ile ngoma ya Kizungu ambayo mchezaji husimama juu ya ncha za vidole mpaka kucha zing'oke, huku usoni anatabasamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mchezaji wa maana. Alikuwa na shingo ndefu, skafu za hariri, na mdomo. Kwa mdomo huo aliwapatia wachezaji wake ziara ya Ulaya mwaka 2017, na kwa ajili ya ziara hiyo Emiliana, mmoja wao, akaimeza dharau yake kama mtu anavyomeza kwinini.

Si kwamba alikuwa mtoto wa kuokotwa mtaani. Baba yake, Sipho, alikaa uhamishoni Morogoro enzi za harakati za kupinga ubaguzi wa rangi, akamwoa huko Beatha, binti wa Kitanzania, akarudi naye nyumbani siasa zilipobadilika. Emiliana alizaliwa na kulelewa Troyeville, mtaa wa hapohapo Johannesburg, kwenye nyumba ya matofali yenye baraza ambayo Beatha aliipiga deki kila asubuhi kana kwamba rais atapita. Tangu angali mdogo alipelekwa kwa mwalimu wa baleti kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa pili tu, tena amevaa viatu. "Mwanangu hatatembea peku kwa ajili ya muziki wa mtu," Beatha alikuwa akisema.

Ulaya waliiona kupitia dirisha la basi. Walizunguka miji midogo ya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, wakalala kwenye hoteli za kando ya barabara kuu, wakifua soksi zao ndefu kwenye sinki na kuzianika juu ya hita hadi chumba kizima kinanuka mbwa aliyenyeshewa. Asubuhi walijinyoosha wakiwa wameshika migongo ya viti vya mkahawa, wasafiri wakiwapita na sahani za mayai. Jukwaa moja lilikuwa limeinama kwa mbele, ukizunguka unahisi unamwagwa mapajani mwa watazamaji. Jingine lilikuwa na baridi kiasi kwamba viatu viligeuka vigae. Vidole vilipopasuka walivifunga plasta wakaendelea. Hayo Emiliana hakuyalalamikia, ndiyo kazi. Pazia lilipofunguka na muziki kuanza, mwili wake ulijua unachofanya, na kwa muda ule hapakuwa na mjinga hata mmoja duniani.

Wajinga walirudi kwenye tafrija. Kila baada ya onyesho palikuwa na wafadhili, divai na vipande vya jibini, na Lambert alimshika Emiliana bega kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani.

"Huyu," alisema, "nilimwokota mtaa wa Alexandra, kwenye vibanda. Alikuwa anacheza peku penye robot, kwenye taa za barabarani, magari yakisimama anapewa sarafu."

Mara ya kwanza Emiliana alidhani amesikia vibaya. Alexandra alikuwa amefika kwa mazishi tu, ya shangazi wa baba yake. Mara ya pili, penye robot palikuwa na mvua. Mara ya tatu akaongezwa mbwa mwenye njaa. Mabibi wenye lulu shingoni waliweka mikono vifuani wakaugua kwa utamu, na Emiliana akawatazama akijiuliza ni nani mpumbavu zaidi, anayeupika uongo au anayeulamba na sahani yake.

Alinyamaza, kwa sababu alikuwa amepewa nafasi ya mbele na aliitaka. Lakini jioni moja mjini Ghent mwandishi wa gazeti akamsogezea kinasa sauti, wafadhili wote wakiwa kimya, akamwuliza, "Ulijisikiaje siku ya kwanza ya kuvaa viatu maishani mwako?"

"Sikumbuki," Emiliana akasema. "Nilikuwa mchanga. Mama anasema nilivitapikia."

Mwandishi akasogeza kinasa sauti karibu zaidi.

"Na maisha ya Alexandra?"

"Waulize watu wa Alexandra. Mimi ni wa Troyeville. Baba yangu ni mstaafu wa manispaa. Penye robot nilikuwa nasimama ili nivuke barabara, kama watu wengine."

Ndani ya basi Lambert alimjia amewiva uso. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Wewe umeniaibisha kila usiku, sikusema kitu."

"Hujui ziara zinavyoendeshwa. Hawa watu hawalipii miguu yako. Wanalipia machozi."

"Basi wauzie vitunguu," Emiliana akasema, akageukia dirishani.

Kesho yake alijikuta safu ya nyuma kabisa, na nafasi yake amepewa Murielle. Huyu alikuwa binti wa daktari wa meno kutoka Lubumbashi, amekulia Sandton kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea. Alikuwa na mruko mzuri na hana haya hata ya kusingiziwa. Kabla hawajafika mji uliofuata, Murielle alikuwa tayari ni mzaliwa wa Diepsloot, yatima wa kwenye kibanda cha mabati, aliyelelewa na shangazi msusi na kujifunza baleti kwa kutazama picha iliyochanika ukutani. Aliyasema hayo kwenye tafrija, akilia. Tena alilia vizuri, chozi moja moja, wanja usiharibike. Emiliana, na glasi yake ya maji, alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyeanguka kwenye maziwa: kumtoa unaweza, lakini nani atayanywa?

Walirudi Johannesburg na hadithi ikarudi nao. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mfadhili wao mkubwa, mjane aitwaye Hélène, alipanda ndege na rafiki zake kuja kuona onyesho, na zaidi ya onyesho alitaka kuiona nyumba ya shangazi. Lambert alihangaika siku mbili tatu, mwishowe akampata Marcelline, msusi Mkongomani mwenye saluni ya mabati anamolala humohumo, huko Diepsloot, akamkodi awe shangazi. Marcelline alitoka kijijini Kivu, hakukaa shule, Kiingereza hana na Kifaransa hana. Lambert akaona hiyo ni bahati. Asiyeweza kusema hataharibu.

Lakini wageni wangetaka kumsikia. Ndipo Murielle akampigia Emiliana simu.

"Emi, nakuomba. Uje umtafsirie yule mama. Mimi Kiswahili nakisikia, kukisema kinanishinda."

"Shangazi yako mwenyewe, mnazungumza kwa ishara?"

"Emi, tafadhali."

Emiliana alikubali. Hakukubali kwa huruma. Alitaka aone upuuzi ule unaishia wapi.

Jumamosi asubuhi magari ya kifahari ya wageni yaliingia Diepsloot yakikwepa madimbwi, yakasimama karibu na spaza, kiduka cha Msomali. Mlangoni mwa saluni wateja wa Marcelline walikuwa wameketi juu ya kreti za soda, nywele zimesukwa nusu, wamefukuzwa ndani. Nje, chini ya turubai, palikuwa na televisheni kubwa, kapeti lililokunjwa na vioo viwili vya kusukia. Emiliana akauliza ni vya nani.

"Ni vyangu," Marcelline akajibu. Alikuwa mama mnene, kichwa wazi, amekasirika. "Muzungu yenu njo amebitosha. Hata perike yangu amenitosha ku kichwa." Wigi lake lilikuwa limetupwa juu ya televisheni.

Ndani palikuwa patupu, pamebaki viti tu. Hélène aliingia akiwa amejishika moyo tayari. Akaketi ukingoni mwa kiti, akamshika Marcelline mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha shule, "Mwambie namshukuru kwa kutulelea Murielle. Aniambie, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Emiliana akatafsiri. Marcelline akamtazama Murielle kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vyake vyeupe, akashusha pumzi.

"Huyu mutoto miye simujue. Leo njo mara ya kwanza kumuona. Huyu muzungu amekuya jana, akaangalia nyumba yangu, akasema haina mateso ya kutosha. Akatosha televisheni, akafukuza bateja. Miye niko na kazi, niko na nyumba Bukavu, mutoto wangu iko universite. Mateso ni ya yeye, mwenye kutembeza uongo kama karanga ya barabarani."

Lambert alikuwa akitikisa kichwa kwa upole, akidhani anasikia simulizi ya utotoni. Murielle, aliyeelewa kila neno, alikuwa anatazama sakafu. Emiliana akakohoa kidogo, akatafsiri yote, neno kwa neno. Hata karanga hakuziacha.

"Tafsiri mbovu!" Lambert akaropoka. "Huyu Kiswahili chake ni cha Tanzania, hawasikilizani!"

Hélène akamgeukia Murielle. "Ni kweli, mwanangu?"

Pale Murielle alikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Akainua uso, chozi likateremka, la pili likalifuata kwa adabu. "Shangazi ananikana," akanong'ona. "Niliondoka nikamwacha peke yake. Hajanisamehe."

Hélène akainuka akamkumbatia, na rafiki zake wakaanza kutafuta leso. Walikuwa wametoka mbali kuja kulia, wasingerudi na macho makavu kwa sababu ya ukweli wa msusi. Alipopita mlangoni Hélène alimtazama Emiliana kwa ubaridi. "Wivu ni kitu kibaya, binti," akasema.

Marcelline akasonya. "Banasema nini?"

"Wanasema unamlilia rohoni, mama."

"Batoke. Niko na bateja."

Lambert alimfukuza Emiliana kazi palepale kando ya gari, akipiga kelele huku matope yakimrukia suruali. Emiliana akamgeuzia mgongo. Alikwenda chini ya turubai, akashika upande mmoja wa televisheni, Marcelline akashika wa pili, wakairudisha ndani. Wateja wakaingia, wa kwanza akakaa kitini akauliza kama mchezo wake wa kuigiza wa televisheni umeshaanza.

Beatha aliposikia habari ile alitaka kwenda na fagio mpaka kwa Lambert, Sipho akamzuia kwa kumwambia fagio litachafuka bure. Emiliana akapata nafasi kwenye kikundi kidogo cha hapahapa mjini, kinachocheza kwenye kumbi za shule. Hakuna jibini wala tafrija. Mwaka 2019 alicheza nafasi kubwa kwa mara ya kwanza bila mtu kumsimulia, na Beatha, safu ya mbele, alisinzia sehemu ya pili yote kisha akapiga makofi kuliko wote.

Kundi la Lambert nalo liliondoka tena kwenda Ulaya, na onyesho jipya kabisa, kibanda cha maboksi katikati ya jukwaa. Siku moja Emiliana akiwa mazoezini, ujumbe wa Murielle uliingia kutoka hotelini kando ya barabara fulani: *Emi, huku baridi kali, kidole kimeoza. Lambert anasema watu wamemzoea shangazi. Anataka afe msimu ujao, nami nimzike jukwaani.*

Emiliana aliusoma mara mbili. Akaandika, *Poleni na msiba,* akazima simu, akaenda kushika nafasi yake kwenye mstari.