Antena ya Dirisha la Haboba

Erinayo Kidega alipofika nyumbani Kisugu, saa mbili kasorobo ya asubuhi, alikuwa amechoka hoi, hata funguo mfukoni zilimlemea. Usiku kucha alikuwa amesimama kwenye geti la jumba moja kule Muyenga, akifungua na kufunga, na sasa hakutaka kitu kingine duniani ila godoro. Lakini kabla ya godoro palikuwa na dirisha.

Lilikuwa dirisha la chumba cha nyuma, chumba cha mama mkwe wake, Aminah. Nyumba nzima ilimwita Haboba, kwa sababu ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Kidega alizunguka ukuta bila kuvua sare, akasimama pembeni ya dirisha mahali ambapo hangeweza kumwona aliye ndani, akakohoa.

"Haboba, umeamkaje?"

"Salama, Baba Ayesha. Umerudi?"

"Nimerudi."

"Haya, inua."

Juu ya kizingiti cha dirisha, kati ya nondo mbili, kililala kidude bapa cha plastiki, mraba, kinene kama kipande cha mkate. Hiyo ndiyo ilikuwa antena. Waya wake ulipita kwenye nondo ukaingia chumbani hadi kwenye redio yenyewe, iliyokaa karibu na mto wa Haboba. Kidega aliishika antena kwa mikono miwili akaielekeza juu, akaanza kuizungusha polepole kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli kaidi.

"Kushoto kidogo," sauti ya ndani ilisema. "Kidogo, nimesema. Sasa inua. Hapo hapo! Imeshika. Nenda ulale."

Kidega alishangaa, akaegemeza antena juu ya tofali, uso wake mbinguni. Zamani kazi hii ilimla dakika kumi, siku nyingine ishirini, jua likimchoma shingo. Lakini siku hizi redio ilikuwa na huruma. Iliguswa tu, ikashika. Alienda akaanguka kitandani na soksi zake.

Redio hiyo aliipata kwa mpangaji wa Muyenga, mganga wa mifugo kutoka ng'ambo, ambaye siku ya kuondoka aligawa vitu vyake vyote getini: mpishi akapata jokofu, dereva baiskeli, na Kidega redio ya setilaiti ndani ya kasha lake. Alipoifikisha nyumbani na kuiwasha sebuleni ilinyamaza kimya. Akaitikisa. Kimya. Rashidah, mke wake, alicheka mpaka akaweka chini beseni la samaki.

"Wenzako wamepata jokofu, wewe umepewa boksi bubu!"

Aliyemfungua macho ni Sulaimani, fundi wa redio wa Old Kampala. Alimweleza kwamba redio hii haisikii kupitia mabati. Lazima antena yake ione mbingu, kwa sababu sauti inatoka kwa setilaiti iliyosimama juu huko, kilomita elfu thelathini na sita. Hebu fikiria! Kidega, aliyekuwa ametembea kilomita nne tu kutoka kazini na miguu imevimba, hakuweza hata kuzipiga picha kichwani hizo elfu thelathini na sita. Na kingine, alisema Sulaimani, redio hii haikwaruzi kama zile za kawaida. Ama inasema vizuri kama mtu aliye chumbani, ama inanyamaza kabisa.

Kati ya stesheni zake ilikuwemo moja iliyosoma Kurani usiku na mchana. Kidega ni Mkatoliki, mtoto wa polisi wa Gulu aliyekulia kambini, na stesheni hiyo haikumhusu. Lakini alijua kwamba katika chumba cha nyuma kulikuwa na mwanamke ambaye mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, na msahafu wake umelala rafuni miaka miwili bila kufunguliwa.

Alijua pia kwamba mwanamke huyo hazungumzi naye. Haboba hakumtukana hata siku moja, hapana. Tangu Rashidah alipoolewa na mtu asiyesali kama wao, mama alimpa Kidega salamu tu, kisha mlango. Alipopofuka na kuletwa kuishi nao, mambo hayakubadilika. Na heshima ya ukwe nayo ilikaza kamba upande wake. Kwa Waacholi, watu wa kwao Kidega, mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hakai naye uso kwa uso, hapigi naye soga. Basi miaka sita iliisha hivyo, miwili ya mwisho ndani ya nyumba moja ya vyumba vitatu.

Redio ndiyo iliyowapa maneno. Rashidah aliondoka kabla ya alfajiri kufuata samaki Ggaba, Ayesha alikwenda shule, na saa mbili ya asubuhi nyumba ilibaki na watu wawili tu, mmoja kila upande wa ukuta. Mwenye masikio alikuwa ndani, mwenye macho nje. Antena haingeweza kuachwa hapo nje moja kwa moja: ingelala nje, isingeamka, maana wezi wa Kisugu hawalali. Kwa hiyo kila jioni iliingizwa, na kila asubuhi ilitafutiwa mbingu upya.

Siku ya kwanza walikosana vibaya. Kidega alisema dirishani, "Haboba, fundi anasema inashika magharibi." Maana yake, antena iinamishwe kidogo upande wa magharibi. Haboba akajibu, "Sawa," akaizima. Kidega akalala. Saa moja kasorobo ya jioni, alipokuwa anafunga kamba za viatu aende kazini, alisikia ukuta unagongwa.

"Baba Ayesha! Magharibi imefika. Adhana imelia, na mimi nimeshasali. Njoo uiwashe!"

Masikini, alikuwa amekaa kutwa nzima akingoja swala ya magharibi. Kidega alipoeleza kwamba alimaanisha upande na si saa, kutoka ndani ya chumba kile kulitoka kicheko ambacho hakuwahi kukisikia, kicheko cha msichana. "Loo! Nyinyi watu wa kambi mtatuua na Kiswahili chenu!"

Tangu hapo, kushoto, kulia, inua, umepita, rudi. Wakati mwingine neno la ziada: "Leo umechelewa," au "Koti lako linanuka mvua." Ukiyapima maneno hayo ni machache. Lakini Kidega, akiwa getini miguu ikiwaka moto, alijikuta anayangoja.

Asubuhi ile ya redio yenye huruma ilikuwa Jumamosi. Kidega aliamka saa tisa ya alasiri, akaona panya wametafuna waya wa antena karibu na nondo. Akaona afadhali anunue mwingine kabla haujakatika. Akapanda hadi Old Kampala, kwenye meza ya Sulaimani chini ya ngazi za duka la zamani, ambako redio zilizofumuliwa matumbo zilirundikana kama kuku sokoni.

"Waya wa nini, afande?" Sulaimani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wa ile redio ya setilaiti."

"Banange! Jamani, bado uko nayo? Weka mayai ndani, kuku atalalia."

"Kwa nini? Inafanya kazi vizuri."

"Haifanyi."

"Inafanya, Sulaimani."

Fundi aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Ssebo, bwana wangu, sikiliza. Ile kampuni imefilisika. Jumanne ya wiki iliyopita wamezima stesheni zote zilizobaki. Mimi niko na wateja wanne wa hiyo redio, wote wamekuja hapa kulia kama watu wamefiwa. Wewe wa tano, na wewe ndiyo unataka waya!"

"Setilaiti imeanguka?"

"Haijaanguka. Iko tu pale pale, bubu. Kama boda kwenye steji bila abiria."

"Lakini leo asubuhi imeshika. Mama mkwe wangu amesema imeshika."

Sulaimani alimtazama, akaanza kucheka taratibu. "Basi mama mkwe wako iko na setilaiti yake peke yake. Mwambie aniuzie chaneli moja."

Kidega hakucheka. Alirudi nyumbani na mikono mitupu, akavaa sare, akaenda kazini. Na usiku huo kati ya honi moja na nyingine alikuwa anahesabu siku. Jumanne ya wiki iliyopita. Jumatano, Alhamisi, mpaka leo. Siku kumi na moja. Asubuhi zote hizo Haboba alikuwa amesema nini? Hapo hapo. Imeshika. Nenda ulale.

Labda masikio nayo yanaondoka, aliwaza. Labda anasikia visivyokuwepo, wazee hufikwa na hayo. Atamwambiaje? Na akishamwambia, je? Redio ikifa kwa maneno ya kinywa chake, kesho atasimama dirishani kwa sababu gani? Mkwe hasimami kwenye dirisha la mama mkwe bila kazi. Watarudi kwenye salamu na mlango. Aliwaza hivyo mpaka kukapambazuka, na asubuhi alishuka kilima cha Muyenga amechoka mara mbili, mwili kwanza, kisha kichwa.

Kwenye karakana ya jirani, fundi wa mageti alikuwa ameshaanza kupiga vyuma. Kidega alizunguka ukuta, akakohoa.

"Haboba, umeamkaje?"

"Salama. Leo unaburuta miguu."

"Usiku ulikuwa mrefu."

"Pole. Haya, inua upesi ukapumzike."

Kidega aliichukua antena kwenye kizingiti. Hakuiinua. Aliitia kwapani, ndani kabisa ya koti la sare, akaubana mkono, akasimama hivyo kama mtu anayepimwa homa.

"Kulia," alisema Haboba. "Kidogo tu. Sasa iinamishe." Akanyamaza kama anayesikiliza. "Hapo hapo! Usiiguse. Imeshika. Nenda ulale, Baba Ayesha."

Vyuma vililia kwa jirani, vikanyamaza. Kidega alitazama vidole vya viatu vyake. Alitamani kusema asante na kwenda zake. Lingekuwa jambo rahisi kuliko yote, na godoro lilikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka hapo.

"Haboba," alisema.

"Mm."

"Antena iko kwapani."

Kidega alidhani amemkosea adabu vibaya.

"Kwapani kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kwapa lako linashika vizuri kuliko mabati ya watu."

Kidega alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Ndani pia kitanda kililia kwa kicheko kidogo, halafu kikatulia.

"Umeambiwa na nani?" Haboba aliuliza.

"Fundi wa Old Kampala. Kampuni imekufa."

"Mimi nilijua siku ile ile. Jumanne. Msomaji alikuwa anasoma, katikati ya aya akanyamaza. Nikafikiri anavuta pumzi. Nikamngoja." Sauti yake ilishuka. "Nimemngoja mpaka adhuhuri."

"Sasa kwa nini kila siku unaniambia imeshika?"

"Ningekuambia haijashika, ungefanya nini?"

Kidega alifikiri. "Ningeendelea kuitafuta."

"Juani. Mtu hajalala, hajala, anazungusha kile kitu kutafuta kitu ambacho hakipo. Ninakusikia unavyohema hapo, wewe hujui. Miguu yako ninaijua kwa mlio." Alikohoa. "Halafu ningekuambia ukweli, ungekuja hapa dirishani kufanya nini?"

Lilikuwa lile lile swali alilolibeba usiku kucha, na kumbe mwenzake alikuwa analibeba kwa siku kumi na moja, gizani, na redio bubu karibu na mto. Kidega alikuwa na usingizi tu, usingizi mzito uliokuwa umemwekea mkono begani, na adabu ya ukwe iliyokuwa inamwambia: kazi imeisha, ondoka.

Alipiga hatua moja. Akageuka.

"Haboba," alisema, "miguu imekataa. Naomba nikae hapa kidogo, ipoe."

"Ukuta ni wa nyumba yako. Kaa."

Palikuwa na jerikeni ya maji iliyojaa. Aliikalia, mgongo ukutani, chini ya dirisha, mahali ambapo hata mwenye macho mazima hangemwona kutoka ndani. Alifungua kamba za viatu. Antena aliitoa kwapani, ikiwa na joto, akaiweka chini kando yake, uso ardhini.

Walikaa. Kidega alitafuta la kusema. Hakuna kushoto, hakuna kulia. Miaka sita, na hakujua hata mama huyu anapenda chai ya rangi au ya maziwa.

Haboba ndiye aliyeanza. "Sasa niambie. Huko getini usiku, huwa kuna nini?"

"Hakuna kitu, Haboba. Magari tu."

"Saa kumi na mbili nzima, magari tu?"

Kidega alifumba macho yake mazito, akajaribu kukumbuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Rashidah alijua tu kwamba anakwenda na anarudi.

"Kuna paka," alisema mwishowe.

"Paka wa nani?"

"Hana mwenyewe. Huja kama saa nane hivi, anapita chini ya geti. Mweusi, mkia wake nusu. Mpishi anamfukuza kwa fagio, lakini mimi..." Alipiga mwayo mrefu mpaka taya likalia. "Mimi namwachia kichwa cha samaki. Wale wa Rashidah."

"Ndiyo maana vichwa vinapotea jikoni! Na mimi nilimshtaki Ayesha."

"Ni mimi, Haboba."

"Na mkia, ulikatwa na nini?"

Kidega alisema hajui, ila dereva anadai ni mlango wa gari, naye haamini, kwa sababu paka yule anayaogopa magari kuliko kitu chochote. Akaeleza jinsi anavyoyaogopa. Jua lilikuwa limepanda hadi magotini mwake, na bado alikuwa hajakwenda kulala.