Kabla ya Taarifa ya Saa Saba

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, nikiwa bado mgeni kazini, shahada yangu haijapata hata vumbi. Nakusimulia wewe kwa sababu umechaguliwa kusomea mawasiliano chuo kikuu, baba yako ananuna kwamba si udaktari, nawe hulali ukijiuliza masomo hayo yatakufikisha wapi. Mimi yalinifikisha mtaani kwetu Katubuka, nikihema. Usinishangae nikisimama na kukaa. Habari hii siwezi kuisimulia nimetulia.

Nilikuwa msomaji wa habari kwenye redio moja ndogo hapa mjini. Jirani yetu, Mama Shabani, hakuikosa taarifa yangu ya saa saba. Alikaa uani akichambua dagaa, redio kando yake, akimwambia kila apitaye, "Huyo ni wetu, nimemlea mimi." Mwanawe Shabani alikuwa akisafirisha mawese kwa boti.

Siku hiyo taarifa ikiwa imekaribia, mwandishi wetu akapiga simu kutoka mwaloni, kule ziwani boti zinakotia nanga. Boti imezama, miili imepatikana, majina andika. Katika majina hayo lilikuwamo la Shabani.

Nikamwomba mkuu wangu tutangaze ajali tu, majina yasubiri mpaka ndugu waambiwe. Unajua kwetu msiba unavyopelekwa: wanakwenda watu wazima, wanakaribishwa, wanakaa, ndipo wanasema.

"Wenzetu watatutangulia," akanijibu. "Soma, au mpishe mwingine asome."

Sikumchukia. Chuoni nasi tulifundishwa kuwahi. Lakini nilimwona mwenzangu anavuta kiti changu, nikatoka mbio. Nikapanda bodaboda, nikamhimiza dereva njia nzima mpaka akanigombeza.

Nilifika muziki wa kufungulia taarifa unalia. Nikaingia bila hodi, nikazima redio. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yalinipotea, mimi niliyesomea kusema!

Mama Shabani akaniangalia, mikono imejaa dagaa. "Mbona unazima, mwana wanje, mwanangu? Si ndiyo saa yako ya kusoma hii?"

Akaitazama redio, akanitazama mimi niliyepaswa kuwa ndani yake. Ungo ukamponyoka.

"Ni Shabani?"

Nikamshika, tukakaa chini pamoja. Majirani wakaja mmoja mmoja, na wazee wakafika kusema yale ambayo sikuweza.

Kazi ile niliipoteza, na sitakudanganya kwamba nilijivuna. Nilizunguka miezi mingi mikono mitupu, nina hasira na kila mtu, nikijuta kusomea mdomo, kama mjomba wangu alivyopenda kunitania. Baadaye nikapata kazi ya kuwapasha habari wakimbizi kambini, kisha nikaandika magazetini, kisha nikawa msemaji wa ofisi. Kwa hiyo milango ipo. Ipo redioni, kwenye matangazo ya biashara, kwenye mashirika, hata kwenye simu hiyo unayoichungulia huku nasema. Mwambie baba yako anywe maji, hutakufa njaa.

Ninachokusihi ni hiki. Kasome kwa bidii, ujue kuandika upesi na kusema ukaeleweka. Ila kabla hujaitoa habari, mfikirie mtu mmoja atakayeipokea, yuko wapi na amekaa na nani. Iko siku utaambiwa wahi, na kuwahi kutakuwa kweli ndiyo kazi yako. Ukikataa, siwezi kukuahidi kwamba mshahara utabaki. Wangu haukubaki, na bado nisingependa Mama Shabani aambiwe na redio akiwa peke yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie riziki, akulinde barabarani na ziwani. Na siku habari nzito itakapopita mikononi mwako, akupe wepesi wa kufika mlangoni kwa mwenyewe kabla haijafika bila wewe. Amina.